Ardhi Isiyo na Hati: Habari za Lodi Haldane, Jaji wa Uskoti, na Kesi Zilizokuja Baada Yake



Somo letu la safari hii laandikwa Mzinga, Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, ambako Katibu wenu amefika kwa shughuli za Chama. Wengi wetu kisiwani hudhani kwamba karafuu zote za nchi hii zatoka kwetu. Sivyo. Huku Uluguru, pande za Matombo, Kinole, Tawa na Mkuyuni, mikarafuu imesimama katika miteremko mikali, na watu wachuma, wachambua makonyo na kuanika kama sisi. Nao wana swali ambalo limepata kuulizwa mara nyingi katika mikutano yetu, ila wao waliuliza kwa uwazi zaidi:

“Mkarafuu nimeupanda kwa mkono wangu. Ardhi ni ya ukoo, wala sina karatasi. Siku Serikali ikiitaka ardhi hii, mimi nitahesabiwa kuwa nani?”

Swali si dogo. Mkarafuu hauzai kabla ya miaka sita au saba, na ukitunzwa vyema humzika aliyeupanda na pengine mtoto wake pia. Mtu apandaye muhogo ataka amani ya mwaka mmoja tu; apandaye mkarafuu ataka amani ya vizazi viwili. Basi nimeona tulijibu kwa kufuata njia ambayo sheria yenyewe ilipita, na njia hiyo yaanza mbali, kwa jaji mmoja wa Uskoti.

Richard Burdon Haldane alizaliwa mjini Edinburgh tarehe 30 Julai 1856. Alisoma katika chuo kikuu cha mji huo, kisha akapelekwa Göttingen, Ujerumani, akiwa kijana wa miaka 17, huko akapenda falsafa ya Kijerumani, mapenzi ambayo baadaye yalimponza. Alipata uwakili London mwaka 1879, akaingia Bungeni mwaka 1885, akawa Waziri wa Vita mwaka 1905, na mwaka 1912 akapewa cheo cha juu kabisa cha sheria Uingereza, ambacho mwenye nacho siku zile alikuwa jaji na waziri kwa pamoja. Mwaka 1915, vita vikiwa vimepamba moto, magazeti yalimshambulia kwamba ni rafiki wa Wajerumani, akatolewa. Akarudi katika cheo kile kile mwaka 1924. Hakuoa maisha yake yote. Inasemwa kwamba alimwandikia mama yake barua kila siku, na mama huyo alifariki mwaka 1925 akiwa ametimiza miaka 100. Mwenyewe alifariki tarehe 19 Agosti 1928, nyumbani kwao Cloan.

Mwaka ule alipoingia Bungeni, nchi yake ilikuwa na fitina kubwa ya ardhi. Wakulima wadogo wa milima na visiwa vya Uskoti walikuwa wakilima mashamba ya mabwana, bila hati, kwa desturi ya baba zao. Bwana alipotaka kuweka kondoo aliwafukuza, na nyumba waliyoijenga na mawe waliyoyaondoa shambani vikawa vyake bure. Mwaka 1882 wakulima wa kisiwa cha Skye walipigana na polisi. Serikali ikaunda tume, na mwaka 1886 Bunge likapitisha sheria yenye mambo makubwa matatu: mkulima alipaye kodi yake asifukuzwe; kodi iwe ya haki; na akiondoka alipwe thamani ya kazi aliyoifanya juu ya ardhi. Jambo hili la tatu mlishike, maana tutalikuta tena Tanzania baada ya zaidi ya miaka mia.

Sasa twende Lagos. Mwaka 1913 Serikali ya Kiingereza ya Nigeria ilichukua ardhi Apapa, ng'ambo ya kisiwa cha Lagos, kwa matumizi ya Serikali. Ardhi ile ilikuwa chini ya chifu mmoja mwenye cheo cha Oluwa, jina lake Amodu Tijani, ambalo sisi tungeliandika Ahmad Tijani. Chifu akadai fidia. Mahakama za Lagos zikasema: wewe huna ardhi, una haki ya kupokea heshima na ushuru mdogo kutoka kwa wakaao juu yake, basi utalipwa thamani ya ushuru huo tu. Hebu fikirini. Ni kama mtu kuambiwa kwamba shamba la karafuu la jamaa yake thamani yake ni ile kanda moja apewayo mzee wa ukoo wakati wa mavuno.

Chifu hakukubali. Mwaka 1920 alifunga safari ya London kwenda kukata rufani mbele ya Baraza la Mfalme lililosikiliza kesi za makoloni. Alifuatana na Herbert Macaulay, aliyekuwa katibu na mkalimani wake. (Makatibu wa vyama wasidharauliwe!) Hukumu ilitolewa Julai 1921, na aliyeiandika ni Lodi Haldane.

Alisema mambo ambayo kwa jaji wa dola ile yalikuwa mazito. Kwanza, kwamba wanasheria wa Kiingereza wana tabia, pengine bila wenyewe kujua, ya kuipima haki ya wenyeji kwa kipimo cha sheria za Uingereza, na tabia hiyo yapasa kuzuiwa sana. Kwa sheria zao mwenye ardhi ni mtu mmoja mwenye karatasi. Kwa watu wa Lagos ardhi ni ya jamaa, au ya kijiji, na mkubwa wao huisimamia tu. Pili, kubadilika kwa mtawala peke yake si sababu ya kudhani kwamba haki za raia zimekufa. Mfalme mmoja akiondoka na mwingine akaja, mwenye shamba hubaki na shamba lake. Kwa hiyo fidia ilipwe kama ardhi kamili ya watu wote, si kama ushuru wa chifu. Serikali ikalipa pauni 22,500.

Wasomaji waliopita chuoni wataona kwamba maneno haya si mageni. Wakf tunaujua. Mutawalli hushika shamba la wakf, hulisimamia, huuza karafuu zake, lakini shamba si mali yake, na akila mapato ya wenyewe atashitakiwa. Ndivyo Haldane alivyomwona chifu wa Lagos: mshika amana.

Lakini Haldane hakuwa walii, nasi tusimpambe. Miaka mitano baadaye, mwaka 1926, ilikuja mbele ya Baraza lile lile kesi ya Mfalme Sobhuza wa Pili wa Swaziland, nchi iitwayo sasa Eswatini. Mwaka 1907 Waingereza walikuwa wameigawa ardhi ya Waswazi: theluthi moja wakaachiwa wenyeji, na theluthi mbili wakapewa Wazungu waliokuwa na mikataba kutoka kwa mfalme wa zamani. Sobhuza alidai kwamba watu wake hawawezi kuondolewa katika ardhi yao namna hiyo. Haldane aliandika hukumu hii pia. Akakubali kwamba Waswazi walikuwa na haki ya desturi juu ya ardhi ile, kisha akasema kwamba Mfalme wa Uingereza alikuwa na uwezo wa kuifuta kwa amri, na akiisha kuifuta, mahakama haina la kuuliza. Sobhuza akashindwa.

Jaji ni yule yule. Tofauti yake ni hii: Lagos hakuna sheria iliyosema wazi kwamba haki ya wenyeji imefutwa, Swaziland ilikuwako. Siku zile mwenye kutunga sheria hakuwa na wa kumzuia, na jaji aliye hodari namna gani alifika ukutani akageuka. Wengine husema Haldane alijipinga mwenyewe. Mimi naona alikuwa mtu wa sheria tangu mwanzo hadi mwisho, na sheria ya dola ile ilikuwa na tundu kubwa katikati. Tundu hilo lilizibwaje, ndilo litupasalo kulijua sasa.

Turudi kwetu. Mwaka 1923 Serikali ya Kiingereza ya Tanganyika ilitunga Sheria ya Ardhi iliyosema kwamba ardhi yote, ya kukaliwa na isiyokaliwa, ni ardhi ya umma, chini ya mamlaka ya Gavana, aitumie kwa faida ya wenyeji. Mwaka 1928 ikaongezwa kwamba mwenyeji aliyekaa juu ya ardhi kwa desturi ahesabiwe kana kwamba amepewa haki ya kuikalia. Neno hili “kana kwamba” lilisumbua watu miaka mingi. Mwenye hati ya Gavana, wengi wao wageni, alikuwa na haki inayoonekana. Mwenye desturi alikuwa na haki ya kudhaniwa. Mwaka 1953 Mtoro bin Mwamba alidai mbele ya Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki kwamba ardhi yake ni milki yake kamili kwa kuwa ameikalia kwa desturi. Akaambiwa kwamba haki yake ni ya ukaaji tu.

Huku Uluguru miaka hiyo watu walikuwa na ugomvi wao na Serikali. Ardhi ya Waluguru ni ya ukoo, na ukoo huhesabiwa upande wa mama. Mgeni, au hata Mluguru wa ukoo mwingine, huazimwa pa kulima, akatoa kila mwaka kitu kidogo kiitwacho ngoto, kuonyesha kwamba ajua ardhi si yake. Kupanda miti ya kudumu ni jambo jingine, maana apandaye mti huonekana anataka kukaa milele. Kwa hiyo wazee walilikataza au walilikubali kwa shida. (Kwetu kisiwani twajua desturi ya miti ya huyu kusimama katika ardhi ya yule, tofauti ni kwamba huku hofu yaanza tangu siku ya kuchimba shimo la mche.) Basi Serikali ikaja na amri ya kuchimba matuta mlimani ili udongo usichukuliwe na mvua. Nia huenda ilikuwa njema, lakini watu wasiokuwa na haki iliyoandikwa huogopa kila jembe la Serikali. Mwaka 1955 ghasia zilitokea, na mpango ule ukaachwa.

Baada ya Uhuru wa Tanganyika mwaka 1961, mahali pa Gavana akaja Rais, lakini sheria ya 1923 ilibaki. Kisha miaka ya 1970 watu wengi walihamishwa kwenda vijiji vya Ujamaa, na mashamba ya wengine yakagawiwa wengine. Wengi hawakusema kitu. Lakini miaka ya 1980 wengine walianza kwenda mahakamani kudai ardhi zao za asili, na baadhi wakashinda. Serikali ikaona vijiji vitavurugika, na mwaka 1992 Bunge likapitisha Sheria Namba 22, iliyofuta haki zote za desturi juu ya ardhi za vijiji hivyo, ikakataza fidia, na ikaamuru kesi zilizokuwa mahakamani zikome. Mwaona, ni Swaziland tena.

Katika kijiji cha Kambi ya Simba, kata ya Mbulumbulu, wilaya ya Mbulu kwa wakati ule, alikuwako Lohay Akonaay pamoja na mwanawe Joseph Lohay. Walikuwa wamenyang'anywa ardhi yao ya desturi wakati wa vijiji, wakashitaki, wakashinda, wakarudishiwa. Na rufani ya wapinzani wao ilikuwa bado inangoja. Sheria mpya ikaja kuwavua tena ushindi wao. Wakaenda Mahakama Kuu, Arusha, wakasema: sheria hii yavunja Katiba. Jaji Munuo aliwakubalia, akaibatilisha. Mwanasheria Mkuu wa Serikali akakata rufani.

Rufani hiyo ilisikilizwa na majaji watatu, Nyalali, Makame na Kisanga, na hukumu ilitolewa Desemba 1994. Aliyeiandika ni Jaji Mkuu Francis Nyalali. Alizaliwa mwaka 1935, akawa Jaji Mkuu mwaka 1977, akashika kazi hiyo hadi alipostaafu mwaka 2000. Alifariki mwaka 2003. Watu wengi wamjua kwa ile tume yake ya vyama vingi ya mwaka 1991, nami naona kwa wakulima hukumu hii ni kubwa kuliko tume ile.

Serikali ilisema mbele yake kwamba haki ya desturi si mali, bali ni ruhusa tu, na Rais aweza kuiondoa. Nyalali alikataa. Alisema Rais hashiki ardhi kama mwenyewe. Aishika kwa niaba ya wananchi, kama mdhamini. Kama ingekuwa vinginevyo, basi watu wengi wa Tanzania Bara wangekuwa kama wavamizi tu katika nchi yao wenyewe. Kwa hiyo haki ya ukaaji wa desturi ni mali, na Kifungu cha 24 cha Katiba chailinda: mtu asinyang'anywe mali bila fidia ya haki.

Kisha likaja swali la kipimo. Fidia ya nini, ikiwa ardhi yenyewe ni ya umma? Hapa Jaji Mkuu aliyatumia mawazo ya Mwalimu Nyerere aliyoyaandika mwaka 1958 juu ya mali ya taifa: ardhi ni tunu ya Mungu, lakini mtu akiifyeka na kuilima, ile nguvu aliyoitia ni yake. Basi Mahakama ikasema kwamba si majengo na mazao tu yanayolipiwa. Hata pale ambapo hakuna jengo, ikiwa mtu ametia juhudi yake katika ardhi, juhudi hiyo yastahili fidia. Wanavyuoni wa fiqhi wana mlango mzima juu ya kuhuisha ardhi iliyokufa, na nadhani wangeisoma hukumu hii bila kushangaa. Na mkulima wa Skye wa mwaka 1886 angelitambua jambo lake la tatu.

Mahakama ya Rufani haikuitupa sheria yote kama ilivyofanya Mahakama Kuu. Ilivikata vile vifungu vilivyonyima fidia, na vile vilivyofunga milango ya mahakama na kuua kesi zilizokwisha kufunguliwa. Hivyo Serikali haikushindwa kabisa. Lakini lile tundu ambalo Haldane alilikuta mwaka 1926 lilikuwa limezibwa. Aliyelifanya hilo si jaji mwenye moyo mwema kuliko Haldane. Ni Katiba. Haki za raia ziliingizwa katika Katiba yetu mwaka 1984, na tangu mwaka 1988 mtu aliweza kwenda mahakamani kuzidai. Sobhuza hakuwa na karatasi kama hiyo ya kuiweka mbele ya jaji. Akonaay alikuwa nayo.

Miaka ile ile Profesa Issa Shivji, mzaliwa wa Kilosa katika mkoa huu huu wa Morogoro, aliongoza Tume ya Rais juu ya mambo ya ardhi. Tume ilishauri kwamba ardhi ya kijiji isiwe chini ya Rais tena, bali iwe ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Serikali haikukubali, na mimi naona hapo ilipoteza nafasi njema. Hata hivyo Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji za mwaka 1999, zilizoanza kutumika Mei 2001, zilisema wazi kwamba haki ya kimila ni sawa kwa nguvu na haki ya kupewa na Serikali, na kwamba fidia iwe kamili, ya haki na ya upesi. Neno lile “kana kwamba” limekwisha.

Basi jawabu kwa wenzetu wa Uluguru ni hili. Huhesabiwi mvamizi, wala huhitaji hati ili uwe na haki. Hati ni ushahidi wa haki iliyokwisha kuwapo. Lakini ushahidi hauna mbadala siku ya ugomvi. Aliye katika kijiji aombe hati ya hakimiliki ya kimila kwa Halmashauri ya Kijiji chake, na kama ardhi ni ya ukoo, iandikwe ya ukoo, na miti iandikwe ya nani. Aliye hapa Mzinga ajue kwamba Mzinga imo ndani ya Manispaa ya Morogoro. Sheria ya vijiji haipo hapa, na mambo ya ardhi yake yaulizwe Manispaa. Na yule aliyeazimwa kwa ngoto, asipande mkarafuu hata mmoja kabla ya kukubaliana na wenye ukoo mbele ya mashahidi, maana juhudi aliyoitia bila ruhusa itamletea kesi kabla ya fidia.

Nasi wa visiwani tusichanganye mambo. Ardhi ya Zanzibar ina sheria zake. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilifanywa ya Serikali, na maelfu ya watu wakapewa eka tatu tatu. Tunaifuata Sheria ya Ardhi ya mwaka 1992, ambayo yakubali kwamba miti yaweza kuwa na mwenyewe mbali na ardhi, na magomvi yapelekwa Mahakama ya Ardhi iliyoundwa kwa sheria ya 1994. Mwanachama mwenye mikarafuu katika eka ya mtu mwingine, au mwenye eka ambayo ndani yake mna mikarafuu ya mwingine, alete ofisini kabla ya msimu wa kuchuma haya yafuatayo: idadi ya miti, mipaka yake, mwaka iliyopandwa au iliyorithiwa, na majina ya mashahidi wawili walio jirani. Yataandikwa katika daftari la Chama, na mwenyewe atapewa nakala iliyotiwa mhuri.

Katibu wenu,
Mzinga, Morogoro